Mwinjilisti na Droni ya Harusi

Elinaza alijitakia mwenyewe. Kwenye kikao cha wainjilisti pale mjini Same, wakati wenzake wameshaanza kuchungulia mlangoni kama chai imefika, yeye alinyoosha mkono akasema vijana wa mtaa wake wanamtia wasiwasi. Siku hizi, alisema, baada ya ibada hawaendi nyumbani. Wanakaa kwenye ngazi za kanisa wakitazama klipu za vita vya nchi za mbali kwenye simu: droni inaelea juu, chini kuna mtu anakimbia, mara moshi, na vijana wanapiga kelele "goooli!" kama wako uwanjani.

"Na yule anayekimbia ni mtu," alimalizia. "Ana mama yake."

Mchungaji Aminieli, aliyekuwa akiongoza kikao, alimtazama kwa furaha ya mtu aliyekuwa amebakiwa na nafasi moja tupu kwenye ratiba ya semina ya vijana.

"Basi utafundisha wewe," akasema. "Mada: Mkristo na Vita vya Kisasa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Wenzake wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Elinaza alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, akihudumu kwenye mtaa, yaani tawi dogo la usharika wa Kilutheri, huko juu milimani, ukipita Gonja. Alikuwa mwinjilisti mzuri. Alijua kupatanisha watu waliogombania zamu ya maji ya mfereji, na alijua kuzika mtu kwa heshima hata kama marehemu alikuwa mkorofi. Ila vita hakuvijua. Ngumi zenyewe alipigana mara moja tu, shule ya msingi, akapigwa.

Akaazima vitabu kwa mchungaji, akasoma mpaka macho yakamuuma. Akayapata masharti ambayo wasomi wa kanisa waliyafikiria kwa karne nyingi: vita viwe na sababu ya haki, viamriwe na mamlaka halali, viwe njia ya mwisho, maneno yakishashindikana, wasio na hatia wasiguswe, na nguvu isipitilize kiasi. Akawapata na Wakristo wengine, wa tangu zamani kabisa, waliosema hakuna cha masharti, mfuasi wa Bwana hashiki silaha, basi. Elinaza aliwasoma hawa akaona wana akili, akawasoma wale akaona nao wana akili. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumgonga. Alijiona kama mtu aliyekariri namna ya kuoka keki, na nyumbani hana hata jiko.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Mjomba wake, Mzee Eliufoo, alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana mbichi, akarudi, akaendelea jeshini mpaka akastaafu na cheo cha sajenti. Sasa alikuwa mgane, mzee wa kanisa, na mkulima wa mahindi kule Kisiwani, bondeni. Asubuhi moja Elinaza akafunga kitenge vizuri, akapanda pikipiki, akashuka mlima kwenda kuuliza habari za vita.

Alimkuta mjomba amekaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa shamba, chini ya mwavuli mkubwa wa rangirangi uliokuwa na matangazo ya soda. Amevaa miwani ya jua. Pembeni yake kuna chupa ya chai na kikombe. Mikononi ameshika rimoti yenye kioo kidogo katikati, na amekitumbulia macho kama mtu anayetafuta sindano.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Usisimame hapo, unanitia kivuli. Tuko vitani."

Nyuma yake alisimama Agape, mwanawe, kijana wa miaka thelathini anayepiga picha za harusi mjini Same. Alimkonyeza Elinaza.

"Karibu dada. Usiogope. Adui ni nyani."

Ikamlazimu Elinaza kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusimuliwa. Mwaka huu nyani wamezidi. Wanatoka vichakani kundi zima, mchana kweupe, dume kubwa mbele kama mwenyekiti, wanavunja mahindi mabichi, wanang'ata moja mara mbili wanatupa, wanachukua jingine. Miaka yote mjomba alikuwa akilinda kwa zamu na jirani yake, Mzee Isihaka, ambaye shamba lake la matikiti limepakana na lake. Walikuwa wakipiga madebe, wakirusha mawe kwa kombeo, wakibishana habari za Simba na Yanga, na jioni nyani wanaondoka wakiwa wamekula kidogo. Halafu Agape akaja kumtembelea baba yake na droni anayopigia picha maharusi kutoka juu. Akairusha mara moja tu kwa mchezo. Nyani waliposikia ile sauti, kama nyuki walioingia ndani ya debe, walitawanyika hadi dume likamsahau mkewe.

"Tangu siku hiyo," alisema Mzee Eliufoo, "sijainuka kwenye kiti hiki. Isihaka anaendelea na madebe yake huko, vita vya kizamani. Mimi napigana nikinywa chai."

"Mjomba," akasema Elinaza, akiona hata hapa atapata pa kuanzia, "hivi kwa mtu aliyeona vita, unaweza kusema kuna vita vya haki?"

"Si hivi unavyoviona?"

"Nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli. Haya, vitabu vyako vinasemaje?"

Akamtajia. Sababu ya haki. Mjomba akacheka kwa dharau: wao ndio walioanza. Njia ya mwisho, baada ya maneno kushindikana.

"Nimewaambia kila neno ninalolijua. Mengine siwezi kuyarudia mbele ya mwinjilisti."

"Mamlaka halali?"

Mjomba akamgeukia Agape. "Si una kibali cha kurusha hiki kidude?"

"Ninacho," alisema Agape, akijikuna shingo. "Cha harusi."

"Umesikia? Kibali kipo," akasema Mzee Eliufoo.

Elinaza akacheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa bado anacheka Agape alipopiga mluzi. Huko mwisho wa shamba mahindi yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo. Droni ikapaa. Kwenye kioo shamba likawa kama mkeka, na juu ya mkeka vidoa vya kahawia vikaanza kukimbia huku na huku. Mjomba akawafukuza, akipiga kelele "Kushoto! Kata kona!" kana kwamba anaongoza kikosi. Kisha, labda kwa kuona jinsi mpwa wake alivyokuwa amesogea na kunyoosha shingo, akamwekea rimoti mapajani.

"Shika. Usiongelee vita kwa kusimuliwa."

"Mimi? Hapana, mjomba."

"Kijiti hiki mbele na nyuma, hiki juu na chini. Mtoto wa chekechea anaweza."

Kwa kweli ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mwanzoni droni iliyumba kama mlevi. Dakika chache baadaye akaizoea. Akamwona nyani mmoja kajitenga na wenzake, akamfuata. Nyani akakimbia kulia, naye akaenda kulia. Nyani akarudi, naye akarudi. Moyo ulimdunda kwa raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu alipokuwa mtoto akiteleza kwenye majani ya mlimani kwa ganda la mgomba. Akapiga kelele, "Unakwenda wapi wewe! Leo utanitambua!" Alikisikia kinywa chake kikisema hivyo wala hakukizuia. Nyani wakakimbilia kwenye mpaka, wakaruka uzio wa miiba, na yeye nyuma yao.

"Hilo shamba la Isihaka," alisema Agape.

"Huyu hapa mwingine!" akasema Elinaza, maana mbele yake, katikati ya majani ya matikiti, alimwona mkubwa kuliko wote, wa kahawia, ameinama, anachuma kwa mikono miwili bila aibu. "Mwizi huyo! Hata hashtuki!"

Akateremsha droni. Yule wa kahawia akainua kichwa, akabaki kama kagandishwa, kisha akaanza kukimbia. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, na Elinaza aliona kivuli tu kinachoyumba. Akamfuata juu kwa juu. Yule akakata kona, akakata kona. Akaruka tuta la kwanza, akaruka la pili, akatupa alichokuwa ameshika. Kisha akafika kwenye mfereji wa maji, akasita, akatumbukia.

Mbio zote zilikuwa zimekwenda bila sauti, maana kioo hakikuwa na sauti. Sauti ilikuja kwa njia ya kawaida, kupitia hewani, kutoka upande wa pili wa uzio.

"Wallahi nakufaaa! Isihakaaa!"

Agape akapokea rimoti mikononi mwa dada yake taratibu, kama anavyopokewa mtoto mchanga, akairudisha droni. Yule wa kahawia alikuwa Bi Shamsa, mke wa Mzee Isihaka, mama mwenye wajukuu, amejifunika kanga ya rangi ya udongo kwa ajili ya jua.

Wa kwanza kuongea alikuwa mjomba. "Mzima," akasema akiwa amesimama juu ya kiti na kukinga macho kwa mkono. "Anatoka mwenyewe. Anatukana. Mtu anayetukana ni mzima."

"Twendeni," akasema Elinaza.

"Twende wapi? Kaa chini kwanza tufikiri." Akashuka, akavua miwani. "Kwanza hakuna aliyekuona. Wanajua mwenye kidude ni mimi, na mimi nitasema mtambo ulipoteza mawasiliano. Hitilafu ya kiufundi. Mambo hayo hutokea hata kwa mataifa makubwa."

"Klipu ipo, baba," Agape akanong'ona. "Imejirekodi yote. Na sauti ya hapa pia. Dada anasikika akisema leo utanitambua."

"Ifute."

Agape akamtazama Elinaza. Na Elinaza, mwinjilisti wa miaka mingi, alikaa pale juu ya ndoo akagundua jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo: alitamani ifutwe. Alitamani sana. Lile neno "hitilafu" lilimteremkia moyoni kama asali. Mtambo ulikosea. Jua lilikosea. Kanga ya Bi Shamsa ilikosea rangi. Mwenye kosa alikuwa kila kitu isipokuwa vidole vyake kumi. Akakumbuka jinsi alivyowaona wale vijana kwenye ngazi za kanisa, na jinsi alivyokuwa amewaona wabaya. Yeye hakuwa amesema "goli". Alikuwa amesema maneno mabaya zaidi.

"Mjomba," akasema polepole, "kule Kagera ilikuwaje? Si kwa mzaha."

Mzee Eliufoo alikunja miwani yake, akaikunjua. "Tulikwenda kwa miguu," akasema. "Ukiingia kijijini unakuta sufuria bado jikoni, ina moto. Unajua hapa kuna mama kakimbia na watoto hawajala. Unapita, lakini umeshajua. Hukuwa na namna ya kutojua." Akaitazama rimoti mikononi mwa mwanawe. "Hiki kidude hakina jiko."

Baada ya kusema hivyo akawa kama mtu aliyejifunga mwenyewe kwa maneno yake. Akaguna, akatafuta viatu vyake, na bila kusema wanakwenda wapi akatangulia mbele.

Walipiga hodi kwa Mzee Isihaka wote watatu, mzee mbele, Agape nyuma na droni ndani ya begi. Bi Shamsa alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, kanga mpya, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ndara moja ilikuwa pembeni, ya pili imebaki mferejini. Mzee Isihaka alikuwa akimpepea na kipande cha boksi, na kwa jinsi mabega yalivyokuwa yakitikisika ilikuwa wazi kwamba alikuwa anajitahidi kwa nguvu zote asicheke.

"Hodi wenyewe."

"Karibuni, wauaji," alijibu Bi Shamsa.

"Shikamoo mama," Elinaza akasema, na hakungoja kuitikiwa wala kukaribishwa kiti. "Ni mimi. Si mjomba, wala si mtambo. Nilikuwa nimeshika mimi. Nilidhani wewe ni nyani."

Mzee Isihaka akageuka akaangalia ukuta. Sauti ya ajabu ikamtoka, kama chai iliyopita njia isiyo yake.

"Nyani," akasema Bi Shamsa.

"Ndiyo, mama. Jua lilikuwa kwenye kioo. Lakini hata hivyo sikuangalia mara ya pili. Ilikuwa inaninogea."

"Wewe? Mwinjilisti?"

"Mimi."

Bi Shamsa akamkagua kuanzia kilemba mpaka viatu. Kisha akasimulia, na hakuacha kitu. Alikuwa anachuma matikiti ya mzigo wa kesho. Akasikia mvumo juu ya kichwa, akadhani nyuki. Akaangalia, akaona kitu cheusi chenye jicho. Akakimbia, nacho kikakimbia. Akageuka, nacho kikageuka. Akajua huyo ni mtoa roho kaja kumchukua, na ya ajabu amekuja na mashine. Shahada aliitoa mara tatu, tena mara ya tatu akiwa ndani ya maji.

"Na matikiti," akaongeza Mzee Isihaka, alipopata sauti. "Nyani wako, Eliufoo, wameingia kwangu kwa kukukimbia wewe. Wamepasua safu nzima. Tangu ununue amani yako, vita vyote vimehamia kwangu. Ulijua hilo?"

Mzee Eliufoo hakuwa akijua. Kutoka kwenye kile kiti, nyani wakishatoka kwenye kioo walikuwa wamekwisha.

"Nitalipa safu," akasema.

"Hatutaki hela yako," akasema Bi Shamsa. Akatoa miguu kwenye beseni, akaipangusa mmoja mmoja bila haraka. "Nataka haki. Agape, kitoe hicho kidubwana. Nifundishe. Na wewe, mwinjilisti, nenda kasimame kule kwenye matikiti."

Elinaza alidhani anatania. Hakuwa anatania. Mjomba akaanza kusema kitu kuhusu heshima ya watumishi wa Mungu, Bi Shamsa akamtazama, mjomba akanyamaza.

Akaenda kusimama katikati ya shamba, kitenge amekishika mkononi, huku akijiambia: ni droni ya harusi. Naijua. Ni ya binamu yangu. Imempiga picha bibi harusi wa Lembeni mwezi uliopita. Haiwezi kunidhuru. Nyani walikuwa wamekaa juu ya mawe ng'ambo ya mfereji, wamekunja mikono, wanatazama kama watu waliolipa kiingilio.

Mvumo ukaja. Akainua macho, akaona lile jicho.

Akili yake ilijua kila kitu, lakini miguu haikuuliza akili. Alikimbia. Alikimbia kama hajawahi kukimbia tangu shule, akikanyaga matikiti ya watu, akikata kona, na kila alipokata kona lile jicho lilikuwepo, halichoki, halihemi, halina uso wa kuombwa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mvumo wenyewe. Mbwa akikufukuza unaweza kumkemea. Mtu unaweza kumpigia magoti. Alijikuta anapaza sauti, "Basi! Basi jamani!" na papo hapo akajua maneno hayo hayafiki popote. Kule barazani anaonekana tu akifumbua mdomo. Akajikwaa, akaanguka kifudifudi juu ya tikiti, nalo likapasuka chini yake.

Mvumo ukapanda juu, ukaenda zake.

Alipofika barazani, kifua chake chote kikiwa chekundu kwa maji ya tikiti, alimkuta Bi Shamsa ameshamrudishia Agape rimoti, ameketi, mikono ameificha chini ya kanga. Machozi ya kicheko yalikuwa bado mashavuni, lakini hakuwa anacheka tena.

"Umeridhika mama?" aliuliza Elinaza akihema.

"Njoo ukae hapa." Akamsogezea mkeka. "Mwanangu, ulipoanguka nilitaka niendelee. Nakuambia ukweli. Nilikuona umeanguka, na vidole vikataka viende. Agape ndiye aliyenishika mkono." Akatikisa kichwa. "Ni tamu, kitu kile. Sijui kwa nini Mungu ameacha kiwe kitamu."

"Na mimi ndivyo nilivyosikia."

"Basi kawaambie hivyo hao vijana wako. Mimi mtu wa msikiti, siji kuhubiri kanisani kwenu. Kawaambie wewe."

Mzee Isihaka akaleta tikiti zima, moja kati ya yaliyosalimika, akalipasua, wakala wote watano. Kabla hawajamaliza, Mzee Eliufoo na Mzee Isihaka walikuwa wameanza kubishana nani atalinda upande gani kuanzia kesho, na kuhusu penalti fulani ambayo Elinaza hakuifahamu na hakuhitaji kuifahamu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukumbi wa kanisa pale Same ulijaa vijana kuliko ilivyotarajiwa, maana Agape, kwa ruhusa ya Elinaza na Bi Shamsa, alikuwa amesambaza tangazo lenye picha ya mwinjilisti akiruka tuta. Elinaza alisimama mbele na kuwasimulia yote, na hakujipunguzia. Walicheka mpaka viti vikasogea. Alipofika kwenye sehemu ya kutaka klipu ifutwe, walicheka kidogo. Alipofika kwenye vidole vya Bi Shamsa, hawakucheka.

Kisha akawaeleza yale masharti moja baada ya jingine, na safari hii hakuyasoma kama mapishi. Akaeleza jinsi mtu anavyoweza kuwa na sababu ya haki kabisa, mahindi ni yake na yanaliwa kweli, na bado akamtumbukiza mama wa watu mferejini. Akawaeleza na wale Wakristo wasioshika silaha kabisa, na akasema hawezi kuwacheka, maana wao labda waliuogopa ule utamu mapema kuliko sisi.

Kijana mmoja mrefu akasimama. "Mwinjilisti, kwa hiyo adui akivuka mpaka, sisi tuimbe nyimbo tu?"

Kabla Elinaza hajajibu, Mzee Eliufoo alisimama kule nyuma. Watu walishangaa, kwa sababu kwenye mahubiri yoyote yeye hulala akiwa amekaa wima.

"Walipovuka hatukuimba," akasema. "Nilikwenda. Wakivuka leo, nikiwa na magoti, nakwenda. Msimfanye mwinjilisti aseme asichosema. Lakini mimi niliwafukuzia nyani matikitini kwa jirani yangu wiki nyingi bila kujua, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Wewe kijana, kwanza jiulize: nikimkosea mtu kwa hiki nilichoshika, naijua njia ya kwenda kupiga hodi kwake? Kama huijui, kishike kwa hofu."

Akakaa. Mchungaji Aminieli akaandika kitu, akakikata, akaandika kingine.

Watu walipotawanyika, upepo wa Same ukiwa unapeperusha vumbi na vitenge barabarani, msichana mmoja alimfuata Elinaza mpaka nje ya geti. Aliitwa Jenifer, mwimbaji wa kwaya ya Lembeni.

"Mwinjilisti, mimi nimechaguliwa jeshi. Naripoti Jumatatu." Akaongeza, "Nimesoma mambo ya elektroniki. Bila shaka wataniweka kwenye mitambo hiyo hiyo. Nisiende?"

Elinaza alimtazama. Alitafuta kwenye vitabu vyote alivyosoma, akatafuta na kule matikitini. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliona vyema asijifanye anajua.

"Siwezi kukuambia usiende," akasema. "Na siwezi kukuambia nenda kwa amani, kama vile ni safari ya kwaya. Namba yangu unayo?"

"Sina."

"Andika. Siku ukiona inakunogea, nipigie. Usisubiri mpaka uone aibu. Siku hiyo hiyo."

Jenifer akaandika. Mzee Eliufoo alikuwa amewafikia, akiwa na mfuko wa karanga, na alishasikia neno jeshi. Akamwangalia msichana miguuni, kwenye viatu vyake vipya vyeusi vilivyokuwa bado vinang'aa.

"Hivyo ndivyo unavyoripoti navyo?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Vitakuchuna mpaka ulie. Una siku mbili. Vivae na soksi zilizolowa maji, utembee navyo nyumbani mpaka vikauke mguuni. Nani anakufundisha mambo haya, kwaya?"

Akachuchumaa pale pale kando ya barabara, magoti yakilia, akaweka karanga chini, akaanza kumwonyesha jinsi ya kufunga kamba.